Ngazi ya Ubaoni na Nyasi za Mama

Kwa zaidi ya miaka ishirini nilichora ngazi ileile ubaoni. Ilikuwa na vidato vitatu. Kwenye cha chini niliandika makisio, cha kati nadharia, cha juu kabisa kanuni. Kisha nilishika kifimbo na kuwaambia wanafunzi wa darasa la saba kwamba mtu wa sayansi huanza kwa kukisia. Akipima kidogo, makisio yake yanapanda kuwa nadharia. Akipima sana, mpaka hakuna wa kumbishia, nadharia inapandishwa cheo na kuwa kanuni. Wanafunzi walinakili. Ilikuwa picha rahisi, na aliyeikariri alipata alama zake.

Picha ile haikuwa kweli. Sikujua kwamba si kweli, lakini pia sikujishughulisha kujua. Niliitunga mwenyewe nilipokuwa kidato cha nne, mwaka ambao mwalimu wetu wa fizikia aliugua muhula mzima na sisi tukajisomea kwa kubahatisha. Nilifaulu, nikawa mwalimu, nikaingia nayo darasani.

Ningekuwa nimekosea ubaoni tu, pengine leo nisingeandika haya. Lakini ngazi ile niliibeba mpaka nyumbani, nikaipandisha kwenye shamba la mama yangu, na shamba likaporomoka. Kovu lake bado linaonekana ukisimama mlangoni kwangu na kutazama juu.

Kijiji chetu kipo upande wa magharibi wa milima ya Mbinga, ule ambao vijito vyake vinateremka kwenda Ziwa Nyasa. Ardhi tambarare hatuna. Hata uwanja wa mpira wa shule ulichimbwa kwa majembe, na mpira ukipigwa ovyo unafuatwa kijiji cha chini. Watu wanalima miteremko ambayo mgeni angeogopa hata kuipanda kwa miguu, na wanailima kwa ngoro. Ngoro ni mashimo. Mvua zinapokaribia kwisha, mwanaume anafyeka nyasi kwa nyengo, panga lenye ncha iliyopinda, anaziacha zikauke, kisha anazilaza chini kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko wote unakuwa kama wavu uliotandazwa. Baada ya hapo kazi ni ya mwanamke. Anasimama katikati ya kila jicho la wavu, anachimba na kurusha udongo juu ya nyasi pande zote nne. Akimaliza, pale aliposimama pamekuwa shimo, na nyasi zimezikwa ndani ya matuta. Maharage yanapandwa juu ya matuta, na baadaye mahindi. Ukitazama kutoka mlima wa pili unaona sega la nyuki.

Mteremko wetu uko nyuma ya nyumba. Mama aliuchimba tangu alipoolewa. Baba alipofariki mimi nikashika kazi ya kulaza nyasi, na mke wangu akaja kumsaidia mama kuchimba. Kahawa ilikuwa ya kuuza. Tulichokula kilitoka kwenye mteremko ule, chote, na hatukuwa na mwingine.

Mama alikuwa na maneno mawili kuhusu ngoro. La kwanza lilisemwa na kila mtu huku: penye ngoro udongo hauhami. Ukimwuliza kwa nini, alisema la pili, ambalo sijui kama alilirithi au alilifikiri mwenyewe: "Shimo linakunywa maji, tuta linakula nyasi. Udongo ulioshiba unashikana."

Mimi mwenye cheti niliyachukua maneno hayo nikayapanga kwenye ngazi yangu. La kwanza lilikuwa limeonekana kwa macho tangu enzi za mababu, mvua baada ya mvua, kwa hiyo nikalipa kidato cha juu. Hiyo ni kanuni. La pili hakuna aliyewahi kulipima. Udongo una mdomo wa kula? Nikaliacha katikati. Hiyo ni nadharia tu, nilisema, na neno "tu" ndilo lililoniponza.

Kisha mambo yakafunguliwa. Wakati wa ruksa, kila mtu alipoachiwa kufanya biashara, ulikuwa umetufikia hata sisi wa mlimani. Ushirika, ambao zamani ulitugawia dawa za kahawa na mbolea, ulilegea, na wanunuzi binafsi wakaanza kupanda na malori yao kila mmoja kwa wakati wake. Maduka yaliyokuwa na sabuni na chumvi tu yalijaa redio, betri, mitumba, na mbolea ya chumvichumvi katika mifuko myeupe iliyopangwa mpaka darini. Kila mtu alijiona amechelewa. Wanunuzi wa maharage waliwataka wa kwanza kuvuna, na sisi tulikuwa wa mwisho, kwa sababu kulaza nyasi mteremko mzima kulinichukua wiki nyingi, jioni baada ya jioni, nikitoka shuleni.

Nikapata wazo. Kinachozuia udongo ni mashimo; kanuni inasema ngoro, na ngoro ni mashimo. Nyasi ni desturi. Nikifyeka nikachoma, majivu yatarutubisha, mke wangu na mama watachimba palepale, na rutuba itakayopungua nitainunua dukani.

Desemba hiyo binti yangu mkubwa alirudi likizo. Alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni ya kanisa, na alikuwa na tabia ya kupekua madaftari yangu. Siku moja mchana nilikuwa uani nikiziba pancha ya baiskeli. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua maharage. Binti akatoka ndani na andalio langu la somo mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Si umeniamkia asubuhi?"

"Ninachotaka kusema kinahitaji shikamoo mbili."

"Marahaba. Sema."

"Hii ngazi bado unaifundisha?"

"Ina nini?"

"Si kweli, baba. Mwalimu wetu amesema nadharia haipandi cheo ikawa kanuni. Ni kazi mbili tofauti. Ni kama wewe na mama. Mama hawi baba hata akifanya kazi miaka mia."

"Na wala sitaki," mke wangu akajibu kutoka jikoni.

Mama akacheka. Mimi sikucheka. Nilimwuliza huyo mwalimu wao ana umri gani, akasema ni kijana tu, nikasema basi. Lakini binti akaokota pampu ya baiskeli, akavuta mpini, akaziba mdomo wa pampu kwa kidole na kuniwekea mpini mkononi.

"Sukuma."

Nikasukuma. Mpini ukaingia mpaka katikati, ukakataa.

"Unasikia inavyokusukuma?"

"Hiyo ni kanuni," nikasema. "Hewa ukiibana ikabaki nusu ya nafasi, mgandamizo unakuwa mara mbili. Nimeifundisha kabla wewe hujazaliwa."

"Ndiyo. Kanuni imekuambia itakusukuma kiasi gani. Haijakuambia anayesukuma anafanya nini humo ndani."

"Ni hewa!"

"Hewa inafanyaje, baba?"

Nikasukuma mpini tena. Yeye akaeleza. Hewa ni vijipande vidogo mno visivyoonekana, vinarukaruka huku na huko na kugonga kuta za pampu; ukivibana katika nafasi nusu, vinagonga ukuta mara nyingi zaidi, na kule kugonga ndiko unakokusikia mkononi. Hiyo ndiyo nadharia. Imepimwa kwa njia nyingi na imesimama. Lakini hata ikisimama milele haitageuka kuwa kanuni, kwa sababu jibu la kwa nini haligeuki kuwa jibu la kiasi gani.

"Tena mwalimu anasema kanuni yenyewe ina mipaka," akaendelea. "Ukiibana hewa kupita kiasi, hesabu zinaacha kukubali. Kanuni haikuambii zitaacha kwa nini. Nadharia inakuambia."

Leo naweza kuandika maneno yake karibu yote, maana yalinikaa. Siku ile yalinikaa kama mfupa wa samaki. Mama akauliza tunagombania nini. Binti akamwambia, "Bibi, tunagombania nyasi."

Kumbe alikwishasikia mpango wangu kutoka kwa mama yake.

"Baba, kwa nini unalaza nyasi kabla bibi hajachimba?"

"Ni desturi."

"Bibi anasema tuta linakula nyasi."

"Hiyo ni nadharia tu."

"Ndiyo, ni nadharia. Ndiyo sababu nakuomba uisikilize."

Nilimwambia aniletee maji ya kunawa. Mtu mzima akishindwa kujibu huomba maji.

Aliporudi shuleni aliniandikia barua. Ilifika Machi, nyasi zikiwa zimefyekwa tayari na zimelala zikikauka. Baada ya salamu za nyumba nzima aliandika kwamba kama siamini nyasi zina kazi, basi nisichome zote. Niache kipande kimoja kilazwe kama zamani, mbolea niweke sawasawa pande zote, halafu nitazame. Huo ulikuwa utaratibu niliokuwa nikiufundisha mwenyewe, wa kubadili kitu kimoja na kuacha vingine. Nilikunja barua nikaiweka ndani ya kitabu. Nilijiambia kwamba shamba la kula si mahali pa kuchezea majaribio. Sikuona kwamba mimi ndiye niliyekuwa najaribu, tena na shamba zima.

Tulipopata siku kadhaa za jua nikatoka na kiberiti. Mama alikuwa ametangulia. Nilimkuta amekaa juu ya rundo la nyasi kwenye kipande cha pembeni, kile kinachopakana na migomba, amenyoosha miguu, amefunga kanga kiunoni kama mtu aliyekuja kwenye mkutano.

"Mama, naomba upishe."

"Choma."

"Nitachomaje na wewe umekaa?"

"Choma na mimi. Utatueleza mimi ni kanuni au ni ile nyingine."

Mke wangu alilazimika kugeuka atazame upande wa pili. Nikamwachia mama kipande chake, kama kumbi mbili za nyumba kwa upana, kutoka juu mpaka chini. Mimi nikachoma kilichobaki. Kazi ya wiki nyingi ikaisha kabla jua halijafika utosini. Jioni ile mama, kwa uzee wake, alilaza nyasi mwenyewe kwenye kipande chake, kazi ya mwanaume, wakati mimi nimekaa uani. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka wa kwanza maharage yangu yalistawi kuliko yake. Mashimo yalikuwa yaleyale, matuta yaleyale, na mbolea ya dukani iliyatia majani rangi ya kijani kibichi. Tulivuna mapema. Nilimtania mama mbele ya watu.

"Mama, mbona shamba halijafa njaa?"

"Umelipa chai," akasema. "Linasubiri ugali."

Mwaka wa pili niliongeza mbolea. Niliona matuta yamekuwa mafupi, na mke wangu aliniambia kwamba udongo haukamatiki kwenye jembe, unamwagika kama unga. Nikamwambia achimbe zaidi. Hilo nalo naliandika. Mtu aliyekuwa na jembe mkononi aliniletea habari ya kile jembe linachosikia, na mimi niliyeshika chaki nikampa amri.

Mwaka wa tatu mvua zilikuja kwa nguvu. Zilinyesha siku mbili bila kupumzika, na asubuhi ya tatu nilikuwa darasani nimesimama karibu na ngazi yangu. Nilikuwa nimefika kidato cha kati. Dirishani akatokea mke wangu, kanga imemganda mwilini, matope mpaka magotini. Hakubisha hodi.

"Mwalimu, toka. Shamba linatembea."

Darasa likacheka. Nilimtazama usoni nikaona hatanii, nikaacha chaki.

Nilipofika, matuta yalikuwa yanayeyuka. Sina neno jingine. Shimo la juu lilijaa, ukingo wake ukalegea na kuanguka ndani ya shimo la chini yake, nalo likajaa, ukingo ukaanguka, na hivyohivyo mstari mzima, mpaka maji yakapata njia moja katikati ya mteremko na kuanza kuchimba. Maharage yaliyokuwa na maua yaliteremka yamesimama wima, yakiwa bado kwenye udongo wake, kama watu walio juu ya lori. Korongo liliingia mpaka kwenye mwamba. Mimi na mke wangu tulirusha mawe, magogo, hata mlango wa banda la mbuzi. Havikusaidia kitu.

Kule pembeni kipande cha mama kilikuwa palepale. Mashimo yake yalijaa maji, yakafurika kwa utaratibu kutoka shimo hadi shimo, maji yakapita juu ya matuta na matuta yakabaki.

Mvua ilipokatika mama akaja na fimbo yake. Aliupita mlango wa banda uliokwama matopeni. Aliinama, akabomoa kipande cha tuta lake akakiweka kwenye kiganja changu cha kulia, kisha akaokota udongo wa tuta langu akauweka cha kushoto. Wa kulia ulikuwa mweusi, umefumwa kwa vinyuzi vya nyasi zilizooza na mizizi, na mnyoo mmoja alikuwa anajivuta kutoka. Niliuminya ukashikana. Wa kushoto niliuminya ukapita kati ya vidole.

Hapo ndipo nilipoielewa pampu ya baiskeli. Penye ngoro udongo hauhami: hiyo ilisema kitu gani hutokea. Ilikuwa sahihi kwa ngoro zote ambazo watu walikuwa wameziona, na zote zilikuwa na nyasi ndani yake. Lakini kanuni ile haikutaja nyasi. Aliyezitaja ni mama, katika lile neno lake la pili, la kwa nini. Lile ndilo lingeniambia kitu gani naweza kubadilisha na kitu gani nisiguse. Mimi nilishika la kwanza kwa sababu nililiona kubwa, nikadharau la pili kwa sababu nililiona halijakua.

Jirani wa chini alikuja kutazama kahawa yake iliyofukiwa mpaka shingoni. Nilimwomba radhi. Akakuna kichwa.

"Mwalimu, mimi nilikuwa nangoja. Nilisema lako likipita mwaka wa tatu, na mimi nachoma."

Hata yeye alifanya jaribio, na la kwake lilikuwa na akili kuliko langu.

Wiki mbili baadaye nilishuka Mbamba Bay. Mboga ya nyumbani ilikuwa imekwenda na maji, na nilitaka usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, wa kutuvusha. Nilishuka kwa lori la mizigo, na kila daraja tulilopita maji ya chini yake yalikuwa na rangi ya udongo wetu. Ufukweni wanawake walikuwa wanageuza usipa kwenye vichanja. Ziwa lilikuwa la bluu kama kawaida yake, isipokuwa pale mto unapoingia. Pale palikuwa pekundu, ulimi mrefu uliotandaa kuelekea ndani. Mama mmoja wa makamo, muuza usipa, alinisikia lafudhi.

"Wewe ni Mmatengo wa mlimani."

"Ndiyo, mama."

"Karibu. Shamba lako limefika kabla yako." Akanyoosha mkono kwenye ule wekundu. "Ila umetuletea udongo mtupu. Maharage umeacha wapi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nikacheka nao, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kisha nikaona macho yananilemea. Yeye aliona, akabadili sauti. Akaniambia maji yakiwa mekundu hivi, usipa hausogei karibu na nchi kavu, na wanaume wanalazimika kwenda mbali.

"Kwa nini hausogei?" nikamwuliza.

Akashangaa kidogo. "Wengine wanasema hauoni chakula chake. Mume wangu anasema tope linauziba pumzi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimepasua usipa mwingi wa siku za maji mekundu. Tumbo ni tupu. Pumzi sijui, lakini tumbo ni tupu."

Niliondoka pale na gunia dogo la usipa na kitu kingine. Mwanamke yule alikuwa na jambo analolijua, na sababu mbili zinazoshindana za jambo hilo, na alikuwa amekwenda kutazama ndani ya tumbo. Sikuwa nimefanya hivyo hata mara moja na shamba linalonilisha.

Niliporudi nilifanya mambo matatu, na nilijiapiza kwamba sitaacha hata moja kwa aibu. Kwanza nilimwandikia binti yangu. Nilichana karatasi nyingi kabla ya kuandika kwamba alikuwa sahihi na mimi nilikosea, bila kuongeza "lakini". Pili nilisimama mbele ya darasa la saba, nikaichora ngazi, nikaifuta mbele yao. Nikachora mistari miwili iliyosimama sambamba. Juu ya mmoja nikaandika "Hutokea nini?" na juu ya wa pili "Kwa nini?" Nikawaambia kanuni inakaa hapa na nadharia inakaa pale, na hakuna anayehamia kwa mwenzake. Mwanafunzi mmoja wa kike akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kaka yangu ulimfundisha ngazi. Na dada yangu. Wao wafanyeje?"

Niliwafuata. Kwa muda wa mwaka na zaidi, sokoni, kanisani, kwenye foleni ya kuuza kahawa, nilikuwa namsimamisha kijana niliyemfundisha na kumwambia ile ngazi si kweli. Wengi walidhani nimechanganyikiwa. Mmoja aliyekuwa amebeba jeneza na wenzake aliniambia, "Mwalimu, naomba tuzike kwanza." Nikangoja wakazika, nikamweleza. Wengine sikuwapata kamwe, na najua wapo wanaofundisha watoto wao ngazi yangu mpaka leo.

La tatu lilikuwa mteremko. Korongo halikuwa na udongo wa kuchimba ngoro, ilibidi kuutengeneza. Nilipanga mawe kukata njia ya maji, nikalaza nyasi nyuma ya mawe, kisha nikashika jembe. Mwanaume huku hachimbi ngoro. Wanawake waliokuwa wanapita kwenda kisimani walisimama.

"Jamani, njooni muone mama mpya!"

"Mwalimu, kanga yako iko wapi?"

Mke wangu akainuka, akajifuta jasho. "Mwacheni. Yeye alichimba korongo peke yake, alifukie na mwenzake." Kisha akanielekeza namna ya kushika mpini, maana nilikuwa narusha udongo nje ya tuta.

Mama aliishi misimu michache baada ya hapo. Jioni moja tulikuwa tumekaa kwenye kipande chake, yeye akibonyeza tuta kwa kidole kama anayepima ugali umeiva. Nilitaka kumpa heshima yake, na nikaitoa kwa namna niliyoijua.

"Mama, lile neno lako la tuta kula nyasi, ilikuwa nadharia."

"Ulisema hivyohivyo kabla hujachoma."

"Nilisema vibaya. Nadharia ni kujua kwa nini."

Akafikiri. "Nilikuwa najua kwa nini."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulikuwa unajua kwamba najua. Sasa mbona hukuniuliza?"

Safari hii sikuomba maji ya kunawa. Nilimwambia sina jibu. Akaendelea kubonyeza tuta.

Nimestaafu siku nyingi sasa. Binti yangu amenizalia wajukuu wanaonicheka nikipanda mlima kwa vituo. Mke wangu mgongo umemkataza jembe, kwa hiyo naweka nyasi mwenyewe na kuchimba mwenyewe, taratibu, na hakuna tena anayesimama kunitazama. Kila mwaka kovu linapungua. Nilianza kutoka pembeni, nikiunganisha na kipande cha mama, nikaenda nikilisogelea korongo shimo kwa shimo. Mwaka jana nilibonyeza tuta la ukingoni nikakuta kuna mnyoo.

Imebaki mistari minne kufika ng'ambo ya pili. Nyasi nimefyeka juzi na zimeanza kukauka, nimezigeuza leo asubuhi. Jumatatu nazilaza.